Nywila ni sahihi, mtandao unakataa: kompyuta ya Maalim na Wi-Fi ya ofisini

Wiki iliyopita niliitwa katika ofisi moja ya Shangani, ndani ya nyumba kongwe ya ghorofa mbili, kwa sababu kompyuta mpakato ya Maalim mmoja, inayotumia Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama ulivyo Windows), ilikuwa haikubali kabisa kuunganika na Wi-Fi. Simu za wafanyakazi wote zilikuwa zikiunganika, kompyuta zenye Windows vilevile, na hiyo ya Maalim ikifika nyumbani kwake inaunganika bila ya tabu yoyote. Hapo ofisini iliomba nywila, ikahangaika kwa muda, kisha ikaomba nywila tena. "Mwanangu," aliniambia, "nywila hii nimeiandika mpaka vidole vimeihifadhi." Wenzake walikwishatoa hukumu kwamba Linux ndiyo mbovu na aifute. Hukumu hiyo iliniuma, kwa sababu nimeshaona watu hapa Unguja wakifuta mfumo mzima na kupoteza kazi zao kwa kosa ambalo sababu yake ilikuwa imeandikwa ndani ya mashine yenyewe, ila hakuna aliyekwenda kuisoma.

Nyumbani Maalim ana ruta moja tu, na ruta hiyo inajiamulia mambo yake. Ofisini kuna vituo vinne vya kurushia Wi-Fi, vile vyeupe vya mviringo, vilivyofungwa darini baina ya boriti, na vyote vinapokea amri kutoka kwenye kontrola moja. Jina la mtandao ni moja, lakini nyuma ya jina hilo kuna masharti ambayo mtumiaji hayaoni, na kompyuta ikishindwa kuyatimiza hurudishiwa jibu fupi ambalo dirisha la mtandao hulifasiri kuwa nywila si sahihi.

Nilifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika dmesg, amri inayoonesha kumbukumbu za mfumo wenyewe. Mstari uliojirudia ulisema kwamba kituo kimeikata kompyuta kwa sababu namba 15, na namba hiyo katika viwango vya Wi-Fi ina maana moja: muda wa kupeana mikono kwa hatua nne umekwisha. Hapa ndipo pa kutulia. Katika kupeana mikono huko nywila yenyewe haipiti hewani hata mara moja. Kituo hutuma namba ya kubahatisha, kompyuta hujibu kwa namba yake pamoja na muhuri uliokokotolewa kutokana na nywila, na kituo hukokotoa muhuri wake ili kulinganisha. Mihuri ikitofautiana, kituo hakisemi kitu. Hulitupa jibu, hurudia kuuliza, na mwisho hukata. Kwa hiyo kompyuta haina njia ya kujua kama mihuri imetofautiana kwa nywila mbovu au kwa jambo jingine lililoingia katika hesabu, nayo huchukua dhana iliyo karibu zaidi.

Jambo jingine lilikuwepo. Nilipochunguza tangazo la mtandao kwa iw, amri ya kuchunguzia Wi-Fi, niliona kwamba vituo vilikuwa vikitangaza njia mbili za kuingia: ile ya kawaida, na ile ya 802.11r, kiwango cha mwaka 2008 kinachomwezesha mtu anayetembea na simu kuhama kituo kimoja hadi kingine bila ya mazungumzo kukatika. Katika njia hii ya pili, utambulisho wa kundi la vituo nao huingia katika hesabu ya funguo. Programu ya wpa_supplicant, ambayo ndiyo inayoshughulikia funguo za Wi-Fi katika kompyuta hiyo, ikiona njia hizo mbili na kadi ikiwa inaziweza, huchagua hiyo ya kuhama haraka. Ruta ya nyumbani haiitangazi, na ndiyo maana huko hapakuwa na tatizo.

Dhana si ushahidi, kwa hiyo niliisimamisha kwa muda NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, nikaandika faili dogo la wpa_supplicant lenye jina la mtandao, nywila ileile ya Maalim, na mstari wa key_mgmt=WPA-PSK peke yake, yaani njia ya kawaida tu, ili njia ya pili isichaguliwe. Kompyuta iliunganika pale pale. Nilimwita fundi wa mtandao wa ofisi, nikamwonesha mstari wa dmesg na huo wa key_mgmt, naye akaizima 802.11r kwenye kontrola. Kwa maoni yangu hakuna walichopoteza: hapo watu hukaa kwenye meza zao, na simu huendelea kuhama vituo, ila kwa kuchelewa kidogo.

Niliangalia pia mpangilio wa nchi kwa amri ya iw reg get. Ulikuwa TZ, yaani Tanzania. Ungekuwa 00, yaani nchi haijatajwa, kompyuta ingejizuia katika baadhi ya chaneli.

Siku ya pili Maalim alinipigia: akiwa ukumbini mtandao unakwenda, akiingia chumba cha nyuma unakatika kila baada ya dakika chache. Safari hii mkosaji alikuwa ukuta. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na baina ya chumba hicho na kituo cha karibu zilikuwepo mbili. Kompyuta ilikuwa ikisoma nguvu ya mawimbi ya -79 (kwa kipimo cha dBm, ambacho namba ikikaribia sifuri mawimbi huwa na nguvu zaidi), na kontrola ilikuwa na sharti la kumkata yeyote aliye chini ya -75 ili ahamie kituo chenye nguvu zaidi. Sharti hilo lina maana pale ambapo kituo cha pili kipo. Kwa Maalim hakikuwepo, kwa hiyo alikuwa akikatwa, akirudi palepale, na kukatwa tena.

Fundi alitaka kulishusha sharti hadi -85. Nilimwomba asifanye hivyo, maana mawimbi dhaifu kiasi hicho huwachelewesha na wengine walio kwenye kituo hicho. Tulipitisha waya pembeni mwa ngazi, juu ya mlango uliokuwa na tundu la zamani la umeme, tukafunga kituo cha tano katika chumba cha nyuma. Nilipoandika tena iw dev wlan0 link, amri ya kusoma nguvu hiyo ya mawimbi, mbele ya Maalim, ilisoma -52.