Nyambizi Iliyopanda Treni

Mtu aliyekulia Kigoma hashangai kusikia kwamba meli imesafiri kwa treni. Liemba yetu iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapandishwa reli ya kati. Ikaja kuunganishwa ufukweni kwetu na kuingia ziwani Februari 1915, ikiitwa Goetzen. Hayo bibi alitusimulia usiku tukiwa ndani ya Liemba hiyohiyo, tumejilaza sitahani kando ya magunia ya dagaa, safari ya Kasanga. Kwa hiyo niliposoma kwamba miezi ileile Wajerumani walikuwa wanapakia nyambizi kwenye treni kuzipeleka Ubelgiji, nilijiambia siku nikifika huko lazima nione zilikoshukia.

Nafasi ilipatikana mwezi wa tatu, nilipokwenda kumsalimia dada Brussels. Mumewe ni mtu wa Uvira, ana miaka mingi pale Matonge. Nilipomweleza safari yangu alicheka. "Shemeji, unaenda kutafuta nini kule? Kule iko mupepo tu." Dada akanifungia chapati mbili kwenye karatasi, nikaondoka.

Kutoka Brussels hadi Brugge ni kama saa moja. Nje hakuna kilima hata cha dawa. Nikaipitia tena ile habari ya nyambizi zenyewe.

Oktoba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliiteka pwani ya Flanders, huko Ubelgiji. Ghafla wakawa na bandari karibu kabisa na Uingereza, lakini nyambizi zao kubwa zilikuwa kwao Ujerumani. Wakaamua kuunda ndogo za pwani, wakaziita UB, na kipimo kikawa reli: pipa la chuma lisizidi upana wa behewa na lipite kwenye mahandaki na chini ya madaraja. Ndiyo maana upana wake ni mita tatu na kidogo, na urefu mita 28. UB-10, niliyokuwa naifuata mimi, ilianza kuundwa Bremen Novemba 1914, na Machi 1915 ilikuwa kazini. Zilisafirishwa kwa vipande hadi Antwerp, zikaunganishwa huko, zikavutwa kwa mito na mifereji kupitia Gent hadi Brugge. Nyingine zilipandishwa treni hadi Pola, bandari ya Austria kwenye Bahari ya Adriatiki. Ya huko, UB-14, ilizamisha manowari ya Kiitaliano Amalfi, yenye tani kama 10,000. Yenyewe ilikuwa na tani 127.

Brugge watalii wote wanaelekea uwanja wa Markt, kwenye chokoleti na magari ya farasi. Nilipita hapo haraka, nikasimama kidogo mbele ya jumba la mji, maana ndimo mahakama ya kijeshi ya Wajerumani ilimohukumu Charles Fryatt Julai 1916. Alikuwa nahodha wa meli ya abiria ya Kiingereza, na kosa lake ni kujaribu kuigonga nyambizi iliyomtaka asimame. Walimpiga risasi jioni ileile.

Halafu nikashika njia ya kaskazini, bandarini. Nilitarajia angalau ukuta mmoja wa mabanda ya zege ambayo Wajerumani walizifichia nyambizi zao. Sikuona hata kipande. Kuna maghala, maji ya rangi ya chai ya rangi, na bata. Basi nikafanya nililoweza: nikapima. Mita 28 kwa hatua zangu ni hatua 37. Nilianzia kwenye nguzo moja ya kufungia kamba, nikahesabu hadi mwisho, nikageuka kutazama. Ni fupi! Mabasi mawili ya mikoani yakifuatana na nafasi kidogo katikati. Humo waliingia wanaume 14, injini ya dizeli ya nguvu farasi 60 ambazo leo gari dogo la mjini linazo, mota ya umeme, betri, na topido mbili, yale makombora ya majini. Mbili tu, ukishazirusha, geuza urudi nyumbani. Na kurusha kwenyewe kulikuwa na kasheshe, kwa sababu chombo kilikuwa chepesi mno: topido ikitoka, pua inainuka, na mabaharia wanahangaika isije ikachomoza juu mbele ya adui. Juu ya maji ilikwenda kama kilomita 12 hadi 14 kwa saa. Baiskeli ya Ujiji ingeiacha.

Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa alisimama kunitazama nikihesabu hatua. Nilimpungia mkono. Mbwa ndiye aliyeitikia.

Zeebrugge ni kilomita kumi na kitu kutoka pale kwa mfereji, nami nikaenda kwa treni ndogo. Gati lile maarufu, ambalo Waingereza walilivamia usiku wa kuamkia 23 Aprili 1918 na kuzamisha meli kuukuu mdomoni mwa mfereji ili nyambizi zisitoke, limemezwa na bandari mpya ya makontena na magari. Wenyewe Waingereza waliusherehekea sana usiku ule, ingawa nyambizi ziliendelea kupita baada ya siku chache. Kanisani kuna makaburi ya pande zote mbili, karibu karibu. Upepo wa shemeji ulinikuta hapo; chapati niliila nimeupa mgongo.

Mashua za uvuvi ndizo zilizonikumbusha UB-4. Aprili 1915 iliipiga topido Harpalyce, meli iliyotoka kushusha chakula cha msaada kwa raia wa Ubelgiji na iliyoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kazi yake. Watu 15 walikufa. Sijui mtu anaielezaje ile kwa mwanawe. UB-10 nayo, chini ya Otto Steinbrinck, siku nne baadaye ilizamisha Katwijk ya Waholanzi, ambao hawakuwa hata vitani. Agosti UB-4 iliibuka karibu na mashua ya tanga ya wavuvi iitwayo Inverlyon, ikadhani imepata kitoweo. Mashua ile ilikuwa na mzinga mdogo uliofichwa. Nyambizi ikazama na watu wake wote. Fikiria jahazi la Kilwa liizamishe manowari.

UB-10 yenyewe ilikuwa na maisha marefu: ilitoka doria zaidi ya mara 100 na kuzamisha vyombo zaidi ya 30, vingi vikiwa mashua za wavuvi. Ilipofika 1918 ilikuwa imechakaa, na Wajerumani walipokuwa wanaihama Flanders, tarehe 5 Oktoba waliizamisha kwa mikono yao nje ya Heist.

Nikapanda tramu ya pwani kwenda Heist. Nilishuka kituo kimoja kabla, kosa langu mwenyewe, nikamalizia kwa miguu. Nikanunua uduvi kwenye kikombe cha karatasi, nikakaa kwenye benchi la ufukweni. Bahari ya kijivu, mchanga wa kijivu, uduvi wa kijivu. Liemba ya kwetu nayo waliizamisha wenyewe, Julai 1916, ila kwanza waliipaka grisi mitamboni kama mtu anayetia nguo sandukuni, na Waingereza walipoiopoa 1924 ikafaa. Hii hawakuipaka chochote.

Simu ikalia. Mama, Kigoma, na nyuma yake nasikia kuku.

"Umeiona hiyo nyambizi yako?"

"Sijaiona, mama. Iko huko chini, ilizama."

Akanyamaza kidogo.

"Sasa nyambizi kuzama nayo ni habari?"