Siku Moja Maishani Mwangu: Jina la Askari Lililopinduliwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Navuka kivuko cha Likoni, hapa Mombasa, pamoja na vibarua wa bandarini na wanafunzi wenye usingizi, nikiwa nimeukumbatia mkoba kifuani. Ndani yake mna daftari langu na rasimu ya barua ambayo nimekwisha kuiandika mara nne. Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuwasaidia wanajeshi wastaafu na wajane wao kurekebisha makosa katika kumbukumbu za utumishi. Leo ni siku ya mzee mmoja wa Kisauni. Ameniruhusu nisimulie habari zake mradi nisimtaje jina, ingawa jina ndilo lililomleta kwangu.

Saa moja na nusu asubuhi

Ofisi yetu ni chumba kimoja karibu na Mwembe Tayari. Nimefika mapema, lakini mzee amenitangulia. Ameketi wima kwenye benchi la nje, shati limepigwa pasi, kopo la bati la biskuti liko mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Niliogopa msongamano wa Daraja la Nyali, ndiyo maana nikatoka na giza."

Nimejifunza kutokuwa na haraka na makopo ya namna hii. Wake za askari wametunza ndani yake karatasi ambazo ofisi zenye makabati ya chuma zimezipoteza, na mara nyingi kinachohitajika hakipo juu, kipo chini kabisa, kimekunjwa ndani ya kitu kingine. Tunatandaza gazeti juu ya meza, tunatoa karatasi moja baada ya nyingine, nami naandika kila moja katika daftari kabla ya kuigusa nyingine.

Saa mbili na nusu

Kosa la kwanza ndilo zito kuliko yote. Mzee ni Mgiriama, na kwa desturi yao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kisha hufuata jina la baba yake. Kwa hiyo majina mawili hupokezana kutoka kizazi hadi kizazi: la kwanza la baba huwa la pili kwa mwana, na la pili la baba huwa la kwanza kwa mwana. Karani aliyeijaza kadi ya utumishi, ambaye pengine alizoea kuanza na jina la ukoo, aliyapindua majina ya mzee. Hakujua kwamba kwa kufanya hivyo alikuwa akiandika, herufi kwa herufi, jina ambalo baadaye angepewa mwana mkubwa wa mzee huyo. Mwana huyo yuko hai, ana kitambulisho chake, anafanya kazi Changamwe.

Wengi walimshauri mzee aende akaape tu kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hati ya kiapo ya namna hiyo ni ya kawaida sana hapa kwetu, na inafaa pale ambapo mtu ameandikwa Mohamed mahali pamoja na Muhammad mahali pengine. Kwa mzee huyu ingekuwa hatari. Angekuwa ameapa, mbele ya kamishna wa viapo, kwamba yeye na mwanawe ni mtu mmoja, na siku mzee atakapofariki, mkewe angebaki na karatasi inayosema kwamba mstaafu bado yuko hai Changamwe. Hiki kiapo cha "mtu mmoja" kinatumiwa ovyo. Huyaunganisha makosa mawili bila kulirekebisha hata moja, na kumbukumbu yenyewe hubaki vilevile ilivyokuwa.

Kosa la pili ni mwaka wa kuandikishwa. Mzee aliingia jeshini mwaka 1976, lakini katika nakala ya kumbukumbu tuliyoomba na kupewa, mwaka uliopigwa taipu ni 1978. Katika fomu ya zamani iliyoandikwa kwa mkono, ambayo nayo imo katika nakala zilezile, naona chanzo chake: aliyeandika tarakimu 6 aliupinda mkia wa juu mpaka ukagusa tumbo, na mpiga taipu akasoma 8. Miaka miwili ya lindo na gwaride imepotea kwa ajili ya mkunjo wa kalamu, na urefu wa utumishi ndio unaoingia katika hesabu ya pensheni.

La tatu ni Namibia. Kenya ilipeleka kikosi cha askari wa miguu katika ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliosimamia mpito wa nchi hiyo kuanzia Aprili 1989 mpaka uhuru wake, tarehe 21 Machi 1990. Mzee alikuwa miongoni mwao, lakini ukurasa wake wa utumishi wa nje ni mtupu. Anatoa medali iliyofungwa kwenye leso, na nasikitika kumwambia kwamba medali pekee haitoshi, kwa sababu haikuchongwa jina la mtu. Tunaendelea kuchimba. Chini ya kopo, ndani ya bahasha ya picha, tunakuta kadi ya chanjo ya homa ya manjano yenye jina lake kwa mpangilio sahihi, namba yake ya jeshi imeongezwa pembeni kwa wino, na mhuri wa mwaka 1989. Mzee anaitazama kwa muda mrefu. Anasema sindano ile ilimwuma mkono siku tatu.

Karatasi ya namna hii ina uzito kuliko maneno ya leo, hata yawe ya kweli kiasi gani, kwa kuwa iliandikwa wakati uleule, na mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kumpendelea mzee.

Saa tano kasorobo

Hapa tunasimama. Mzee anauliza kwa sauti ya chini kama tunaweza kuongeza na mwaka wa kuzaliwa. Kadi ya jeshi inasema alizaliwa 1956. Alizaliwa 1958. Namuuliza ni nani aliyekosea, naye ananyamaza, kisha ananieleza kwamba siku ya kuandikishwa alijiongezea miaka miwili ili asirudishwe nyumbani, kwa sababu wadogo zake walikuwa wakilala njaa.

Sikumlaumu, na sitamlaumu. Lakini nilimwambia waziwazi kwamba hilo siwezi kuliandika kuwa kosa la karani. Yale matatu ni makosa waliyoyafanya wengine juu yake. Hili ni neno alilolisema mwenyewe, likaandikwa kama alivyolisema. Tukilichanganya na yale mengine, afisa atakayeligundua atakuwa na haki ya kuyatilia shaka yote. Akitaka, tunaweza kuliandikia barua ya peke yake inayoeleza ukweli wote, na anapaswa kujua kwamba itasomwa kama ungamo. Amefikiri, akalifunga kopo, akasema: "Liache, mwanangu. Hilo ni langu."

Saa sita mchana

Namaliza jedwali. Kila kosa lina safu yake: limeandikwaje, liko ukurasa gani, linapaswa kusomekaje, na ni karatasi ipi inayothibitisha. Barua yenyewe haizidi kurasa mbili. Inataja Kifungu cha 35(2) cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au inayopotosha ambayo inamwathiri, na Kifungu cha 13 cha Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, kinachoitaka taasisi ya umma irekebishe taarifa za mwombaji kwa gharama yake yenyewe na katika muda unaofaa.

Wastaafu wengi huogopa hapa. Wanaamini kwamba kila kitu cha jeshi ni siri na kwamba kuuliza ni utovu wa nidhamu. Ni kweli sheria inaruhusu mambo ya usalama wa taifa yazuiliwe, lakini jina la baba yako si siri ya taifa. Ndiyo maana katika barua zangu situmii maneno "naomba unihurumie", hata mteja anaponisihi niyaweke.

Saa saba na nusu

Tunatembea mpaka kwa wakili mmoja karibu na Nkrumah Road, ambaye pia ni kamishna wa viapo. Hati ya kiapo ya mzee haidai kwamba yeye ana majina mawili. Inasema jina lake ni moja, kwamba lilipinduliwa, na kwamba mpangilio ule mwingine ni jina la mwanawe, ambaye naye ameapa hati yake na kuambatisha nakala ya kitambulisho. Mzee anasimama kuapa ingawa ameambiwa anaweza kuketi. Wakili anathibitisha nakala moja moja dhidi ya hati asilia, nami nazirudisha zile asilia ndani ya kopo mbele ya macho ya mzee. Hati asilia haitumwi kwa mtu yeyote.

Saa tisa kasoro dakika kumi

Tumekula wali na maharagwe kwa haraka. Tukirudi tunapita penye sanamu za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia katika Barabara ya Jomo Kenyatta. Mzee husimama hapo kila apitapo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Nilimweleza hayo. Aliniuliza kama majina yao yaliandikwa popote, nikamjibu kwamba mengi ya wapagazi, yaani waliolibebea jeshi mizigo, hayakutunzwa.

Saa tisa na nusu

Posta ya Digo Road. Bahasha inapelekwa kwa rejista, risiti nabandika kwenye daftari, na nakala kamili anabaki nayo mzee. Ananishika mkono kwa mikono yake miwili, kisha anapanda matatu ya Kisauni.

Saa kumi na mbili jioni

Napiga simu tatu kabla ya kuvuka. Ya mwisho ni ya mjane wa Mtongwe ambaye cheti chake cha ndoa kinamtaja mume kwa jina moja na kumbukumbu za jeshi zinamtaja kwa jingine. Mume amefariki, kwa hiyo hakuna wa kuapa kwa niaba ya jina lake, na kazi itakuwa ngumu mara dufu. Namuuliza kama kuna kopo lolote nyumbani ambalo halijafunguliwa tangu mazishi. Anasema lipo, juu ya kabati, na kwamba hajapata moyo wa kuligusa. Tumekubaliana nitakwenda kwake kesho saa mbili asubuhi, tulifungue pamoja.