Nilinunua ng'ombe, Desemba mwenyewe akatokea

Machi mwaka juzi nilinunua mtamba mwenye mimba huku Kibosho, milioni moja na laki tatu na nusu. Muuzaji jirani kabisa, jumuiya moja, kwa hiyo hata kwa mtendaji wa kijiji hatukwenda, tukaandikishana kwenye karatasi ya daftari, hela nikarusha kwa simu, ng'ombe akashushwa kwangu kwa miguu. Julai akazaa ndama jike, maziwa lita tisa kwa siku, mi nimetulia zangu.

Sasa si mnajua Desemba ya Moshi, watu wote wanapanda kutoka Dar. Tarehe 23 naona mama mtu mzima anaingia na mwenyekiti wa kitongoji. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu huyo moja kwa moja bandani, akaita "Malkia!" Ng'ombe akaacha kutafuna mgomba akageuka. Aisee nguvu ziliniisha.

Kumbe jirani alikuwa anamfugia tu, ule utaratibu wetu wa zamani, maziwa na mbolea vya anayefuga ila ng'ombe ni wa mwenyewe. Na mama alikuja na kadi ya uhimilishaji (ile ya kupandisha kwa mrija), namba ileile ya kwenye hereni ya sikio la ng'ombe.

Mwanzoni nilikaza, nimelipa bwana, hatoki mtu hapa. Mdogo wangu anasoma sheria ndo akanishusha presha, akasema Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, haiko upande wako, aliyekuuzia hakuwa na umiliki wa kukupa hata kama wewe ulinunua kwa nia njema. Ng'ombe mwachie, mkabe aliyekuuzia.

Nikaongea na mama taratibu, akakubali ndama abaki kwangu kufidia pumba na dawa (angeweza kukataa, hapo nampa heshima yake), safari hii kwa mtendaji, na muhuri juu.

Jirani nikamfungulia madai Mahakama ya Mwanzo. Akajitetea eti ile hela ilikuwa mkopo, ng'ombe dhamana! Nikatoa simu. Hakimu akamwambia asome meseji yake mwenyewe kwa sauti: "Nimepata hela ya ng'ombe, Mungu akubariki sana." Wazee wa baraza wakaangaliana, mmoja akainama kuficha kicheko.

Akaamriwa kurudisha yote, analipa kidogokidogo, bado laki mbili na nusu. Kwenye jumuiya tunakaa viti vya mbalimbali. Ndama nae anakaribia kupandishwa, na kadi yake nimeshamfungulia, jina langu.