Nilivyoacha kujaza pakacha maji

Nilipokabidhiwa kitengo cha ulinzi wa mtoto, ushauri niliopewa na wakubwa wote ulikuwa mmoja tu: ajiri. Afisa akiondoka, tangaza nafasi. Akiondoka mwingine, tangaza tena. Niliufuata mwaka mzima, na hasira yake bado ninayo.

Nafasi zilikuwa za maafisa kumi na watatu, nikawakuta sita. Kila mmoja alishika familia zaidi ya thelathini, wakati viwango vya Child Welfare League of America, muungano wa mashirika ya ustawi wa watoto Marekani, vinataka zisizidi 17 kwa afisa anayefuatilia familia majumbani. Tukatangaza, tukapata vijana saba kwa mpigo, wasomi, wenye ari. Nilifurahi mno. Wiki ya pili nikawagawia mafaili yaliyorundikana, kila mtu mzigo kamili, kwa kuwa mahakama haisubiri. Binti mmoja kati yao, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumchukua mtoto mchanga kutoka kwa mama yake, saa nne usiku, peke yake. Asubuhi aliniletea ripoti safi isiyo na kosa, na chini yake barua ya kuacha kazi. Kabla ya mwaka kwisha waliondoka watano wa wale saba, na wakongwe watatu waliochoka kufundisha wapita njia wakawafuata. Tukabaki watano.

Ndipo nikakutana na takwimu za Milwaukee, Marekani, za watoto walioingia chini ya uangalizi wa serikali kuanzia 2003 hadi Septemba 2004. Waliokuwa na afisa mmoja tu, asilimia 74.5 walipata familia ya kudumu. Wenye maafisa wawili, asilimia 17.5. Wenye sita au saba, 0.1. Nikafungua faili la msichana mmoja wa kwetu, nikahesabu sahihi za maafisa. Zilikuwa tano. Usiku ule sikulala.

Nilianza na saa zenyewe. Kwa wiki mbili kila afisa aliandika muda wake unakwenda wapi, nusu saa kwa nusu saa. Karibu nusu ya siku ilikwenda kuwaendesha watoto kuonana na wazazi wao na kujaza taarifa zilezile kwenye fomu tatu. Nikaomba fedha za nafasi mbili zilizo wazi ziajiri dereva na makarani wawili. Nilibishiwa miezi, lakini ile karatasi ya saa ilinitetea kuliko maneno yangu yote. Mkitaka kuomba chochote, nendeni na karatasi kama hiyo.

Mgeni sasa hapewi faili mwezi wa kwanza. Kisha matatu, kisha matano. Kumwondoa mtoto nyumbani ni watu wawili daima, na kesho yake msimamizi anakaa nao wazungumze, hata kama simu zinaita. Mwombaji naye, kabla ya kusaini, anashinda siku nzima na afisa, kwa ridhaa ya familia wanazozitembelea. Wanne walighairi baada ya siku hiyo. Niliwashukuru kwa moyo wote, maana ni watoto wangapi wangewazoea kisha wawapoteze?

Leo tuko kumi. Yule msichana alimpata afisa wa sita, aliyedumu naye miaka miwili na zaidi. Mwezi uliopita alihamia moja kwa moja kwa bibi yake, na aliyembebea begi ni afisa huyohuyo.