Kumbukumbu ya mradi: mikataba ya Kimarekani, Minpō ikiwa pembeni

Nasomea tafsiri za kisheria, na kazi yangu ni kati ya Kijapani na Kiingereza. Mradi wenyewe ni kusoma sheria ya mikataba ya Marekani kesi baada ya kesi, huku Minpō, yaani sheria ya madai ya Japani, ikiwa wazi mezani. Kila nikimaliza kesi nauliza: hukumu ingekuwa ileile kama shauri lingefunguliwa Tokyo? Orodha za istilahi nimeziweka kando kwanza. Naamini kabisa kwamba mfasiri asiyejua ni kwa nini kifungu kimewekwa hataweza kukilinda kisipotee njiani.

Nilianza na Hamer v. Sidway ya New York, 1891. Ami alimwahidi kijana wa ndugu yake dola 5,000 akiacha pombe, tumbaku, matusi na kamari hadi atimize miaka 21. Kijana akatimiza. Ami akafariki kabla ya kulipa, na msimamizi wa mirathi akakataa, akidai kijana hakutoa chochote. Kujizuia kumemfaidi yeye mwenyewe. Mahakama ikasema hapana: aliacha jambo alilokuwa na haki ya kulifanya, na aliliacha kwa sababu ya ahadi ile. Hiyo inatosha. Mahakama za Marekani hutafuta nipe nikupe. Ahadi tupu, hata iwe ya dhati namna gani, kwa kawaida haimfungi mtu.

Japani mambo ni mengine. Kifungu cha 549 kinautambua utoaji zawadi kuwa mkataba: mmoja anasema natoa, mwingine anakubali, basi. Kifungu cha 550 kinaruhusu kurudi nyuma ikiwa hakuna maandishi, isipokuwa kwa sehemu iliyokwisha kutekelezwa. Msomaji wa Tanzania atakuwa karibu zaidi na New York hapa, maana kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba ya kwetu nacho kinabatilisha makubaliano yasiyo na kitu cha kubadilishana, ukiacha mambo machache yaliyotajwa.

Kesi iliyonishika zaidi ni Alaska Packers' Association v. Domenico, 1902. Wavuvi walisaini San Francisco kwenda kuvua samoni Alaska: dola 50 kwa msimu, wengine 60, na senti mbili kwa kila samaki mwekundu atakayevuliwa. Walipofika wakagoma, wakitaka dola 100. Msimu ni mfupi, wavuvi wengine hawapatikani kule, msimamizi wa kampuni iliyowaajiri akasaini mkataba mpya. Waliporudi, kampuni ikagoma kulipa nyongeza. Mahakama ya rufani ikaipa kampuni ushindi: kazi waliyoahidi mara ya pili ni ileile waliyokwisha kuahidi mara ya kwanza, hivyo hawakuleta jipya la kununulia nyongeza.

Nimeipitia Minpō nikiwa na wavuvi hawa akilini. Makubaliano ya kubadili mkataba yangesimama, bila kuuliza nani ameongeza nini. Kampuni ingebaki na hoja ya vitisho, kifungu cha 96, na hapo ingebidi ithibitishe kwamba msimamizi alitishwa, si kwamba alibanwa na msimu tu. Kwa maoni yangu njia ya Japani inagusa kiini cha ugomvi moja kwa moja. Wamarekani wenyewe wamelegeza: kifungu cha 2-209 cha UCC, yaani sheria ya biashara inayotumiwa na majimbo, hakidai nipe nikupe katika kurekebisha mkataba wa mauzo ya bidhaa. Lakini uvuvi ule ulikuwa mkataba wa kazi, kwa hiyo kifungu hicho kisingewagusa.

Kuhusu kukubali pendekezo la mkataba kwa barua nimepita haraka. Marekani kukubali huanza barua inapotumwa. Japani nayo ilikuwa hivyo hadi marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2020. Sasa ni hadi ifike.

Halafu nikakutana na CISG, mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauzo ya bidhaa kimataifa. Marekani imo tangu 1988, Japani tangu 2009. Maana yake samoni akiuzwa kutoka Seattle kwenda Tokyo, CISG ndiyo inayotawala wahusika wasipoiondoa, na kifungu chake cha 29 kinaruhusu marekebisho kwa makubaliano matupu. Zoezi langu la sasa ni kifungu hiki: "Mkataba huu utatawaliwa na sheria za Jimbo la New York, na CISG haitatumika." Nusu ya pili inaonekana kama ziada, na mfasiri mwenye haraka anaweza kuifupisha. Lakini mahakama nyingi za Marekani zimeamua kwamba kutaja sheria za jimbo peke yake hakuiondoi CISG. Kwa hiyo nimeziacha nusu zote mbili zikiwa kamili kwa Kijapani, kila moja na kitenzi chake.

Kesi inayofuata ni Jacob & Youngs v. Kent, 1921: nyumba imekamilika, ila mabomba si ya chapa iliyoandikwa mkatabani. Nitaisoma sambamba na kifungu cha 415 cha Minpō kuhusu fidia.