Nilivyokabiliana na mbwa wakali njiani nikiwa na baiskeli

Ninafanya kazi mjini Moshi na ninaishi upande wa Kibosho, hivyo asubuhi ninateremka kwa baiskeli na jioni ninapanda. Wakati wa kuteremka mbwa hawanisumbui, kwa kuwa kabla hawajafika barabarani nimekwisha kupita. Taabu ilikuwa jioni, pale mwendo wangu unapokuwa wa kujikongoja, ambapo mbwa watatu walikuwa wakitoka kwenye boma moja lisilo na geti na kuniandama visigino.

Wengi hushauri kukaza mwendo au kurusha teke. Mlimani ushauri wa kwanza hauna maana, na wa pili ni hatari zaidi, kwa sababu mguu ukiacha pedeli usukani huyumba, na mbwa akiingia chini ya gurudumu la mbele utakayeanguka ni wewe. Kilichonifaa ni kushuka. Mbwa hufukuza kinachokimbia. Ukisimama, ukaiweka baiskeli kati yako na yeye, ukamkaripia kwa sauti nzito na kusogea polepole bila kumpa mgongo, mara nyingi hamu humwisha. Mbwa wa kwetu, waliozoea kurushiwa mawe, hurudi nyuma hata ukiinama tu kana kwamba unaokota jiwe.

Lakini kushuka kila jioni si suluhisho, na kijijini hakuna kikosi cha kukamata mbwa. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye akanipeleka kwa mwenye mbwa pamoja na afisa mifugo wa kata. Mzee yule alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Kijana wangu, mbwa asiyemfuata mtu atanilindia nini?" Nilimjibu, "Mzee wangu, usiku walinde. Mimi ninapita jua lingali juu." Hilo halikumgusa sana. Kilichomgusa ni afisa mifugo alipouliza habari za chanjo, ikaonekana hakuna mbwa aliyewahi kuchanjwa. Alieleza kwamba kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamtokea mtu, karibu hakina kupona. Kwamba aliyeng'atwa huosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huwahi hospitali kuanza chanjo, ambayo huchomwa kwa awamu. Na kwamba mbwa aliyeng'ata hauawi kwa hasira bali hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Wajukuu wa mzee walikuwa wakicheza na mbwa haohao uani, na nadhani hao ndio walioamua shauri kuliko mimi.

Mbwa wawili walichanjwa, na sasa hushinda bandani hadi usiku uingie. Wa tatu, mzee alisema si wake, ni koko aliyejiunga tu na wenzake kwa ajili ya makombo. Huyo bado ninamshukia baiskeli, na kipande cha sabuni hakitoki mkobani mwangu.