Ulirekodi Umekaa au Umesimama?

Wiki iliyopita mpwa wangu alinitumia faili la sauti pamoja na ujumbe mfupi: "Mjomba, hii ndiyo miksi yangu ya kwanza, niambie ukweli." Miksi ni nyimbo kadhaa zilizounganishwa zikawa mfululizo mmoja. Nimeisikiliza jikoni, nimeisikiliza tena barabarani, na bado sijamjibu, kwa sababu kila ninapoanza kuandika namsikia yule kaka wa Ilala, niliyempelekea miksi yangu zamani anikosoe, akiniuliza swali ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa la kitaalamu au la uchokozi.

Ulikuwa mwaka 2006, mwaka wa mgao, kina cha maji katika bwawa la kuzalisha umeme la Mtera kilipokuwa kimeshuka kiasi kwamba watu wa Dar es Salaam walipanga hata saa za kupiga pasi kwa kufuata ratiba ya umeme. Nilirekodi miksi yangu usiku, umeme uliporudi, kwenye kompyuta ya ofisi ya shemeji iliyokuwa na Virtual DJ, programu ambayo vijana tulikuwa tukinakiliana kwa flashi. Sikuwa na mashine za santuri. Nilikuwa na kipanya, spika mbili ndogo za mezani, na nyimbo zilizookotwa kila upande: nyingine kutoka kwenye CD, nyingine MP3 zilizobanwa mpaka matoazi yakawa yanachirizika, nyingine zilizohamishwa kutoka kwenye kanda. Nilitaka kuonyesha kwamba Bongo Fleva haikudondoka kutoka mbinguni, kwa hiyo katikati niliweka wimbo wa dansi wa zama za Redio Tanzania, ili chemko lake, yaani ile sehemu wimbo unapochangamka, ndilo liwafungulie mlango vijana wa kizazi kipya. Nikachoma CD, nikaandika jina langu juu yake kwa kalamu ya wino mzito, nikapanda daladala hadi kwa yule kaka wa Ilala.

Kwake hapakuwa na umeme, kwa hiyo tulikwenda kuisikiliza ndani ya gari lake, lililoegeshwa chini ya mwarobaini, milango yote minne ikiwa wazi kwa sababu ya joto. Aliisukuma CD ndani, akaegemeza kichwa, akafumba macho, na kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia kikaanza kugonga usukani. Hakusema neno. Nami, kwa kukosa pengine pa kutazama, nikaanza kukitazama kile kidole, na baada ya muda nikawa siusikii muziki kabisa. Ninachokumbuka ni kidole tu. Wimbo wa kwanza ulipoingia wa pili, kidole kiliendelea bila kutikisika, nikavuta pumzi. Ulipoingia wa tatu, kilisita kidogo, kikatafuta, kikapata. Kisha tukafika pale nilipopaona pazuri kuliko pote, ambapo sauti ya mwanamke inazama na kijana anaingia juu yake akichana, na kidole kikabaki hewani. Hakikushuka. Akafumbua macho, akairudisha CD nyuma, akapapiga tena, kidole kikabaki palepale hewani.

"Mdogo wangu, huyu dada alikuwa bado anaongea."

Nikamjibu kwamba mapigo yamelingana, na kweli yalikuwa yamelingana, kwa maana programu ile ilichora mawimbi ya nyimbo zote mbili kwenye kioo na mimi niliyaona yamepangana.

"Yamelingana, sijakataa. Lakini umemkatiza mtu kauli. Angekuwa amekaa hapo nyuma, ungemkatiza?"

Kwa namna ya kijinga kabisa, niligeuka kutazama kiti cha nyuma. Akaanza kunihesabia kwa sauti, moja hadi nne, moja hadi nne, akikunja kidole kimoja kila mzunguko unapokamilika, mpaka ikafika mizunguko minane, na hapo ndipo dada yule alipomaliza alichokuwa akisema na kiitikio kikaanza. Nyimbo nyingi za kuchezea zimejengwa hivyo, kwa mafungu ya mizunguko minane au kumi na sita, na anayeingia katikati ya fungu anasikika ameingia katikati hata kama hakuna pigo lililoteleza.

Mengine aliyasema upesi. Nyimbo za kanda ziko chini, msikilizaji analazimika kupandisha sauti, halafu wimbo unaofuata unampasua masikio. Taa nyekundu, ya kuonya kwamba sauti imezidi, iliwaka wakati wa kurekodi, sasa besi inakwaruza. Kuhusu ule wimbo wa dansi, ambao programu, kwa kitufe chake cha kulinganisha mapigo, ilikuwa imeupimia mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, alicheka: "Kitufe chako hakijui kwamba mpiga ngoma ni mtu. Chemko likianza, na yeye anachemka." Bendi zile zilirekodi wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja, mwendo unapanda kadiri gitaa zinavyopamba moto, na mwendo wa wastani haumkuti mpigaji mahali popote. Ushauri wake ulikuwa niuondoe, kwa kuwa waliokuja kucheza hawakuja kufundishwa historia. Hapo sikukubaliana naye, na sikubaliani naye hadi leo. Nilichofanya ni kuacha kuulinganisha, nikauanzisha mahali wimbo uliotangulia unaponyamaza.

Alipomaliza alitoa CD, akaishika kwa kingo, akanirudishia. Nikadhani sasa atanisifu, japo kwa adabu.

"Ulirekodi umekaa au umesimama?"

"Nimekaa, kaka."

"Inasikika."

Akafunga milango ya gari, akaniuliza hali ya mama.

Neno lile lilinisumbua kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu ya mizunguko minane niliielewa na ya taa nyekundu niliielewa, ila hili sikujua nilishike wapi. Nilirudi ofisini kwa shemeji, nikapandisha kompyuta juu ya kabati la mafaili, nikarekodi upya nyimbo zilezile kwa mpangilio uleule, safari hii nimesimama, nikitikisa mabega nikiwa peke yangu usiku. Kisha nikampigia dada yangu miksi zote mbili, ile niliyorekodi nimesimama ikitangulia, bila kumwambia tofauti yake.

Alichagua ya pili. "Huyu wa kwanza ana papara," alisema. "Huyu wa pili angalau ametulia."